Sikiliza Kwanza, Ndipo Ufungue: Mhadhara juu ya Amplifaya ya Valvu



Kilicho juu ya meza hii ni amplifaya ya gitaa iitwayo Deluxe Reverb, ambayo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1963. Nimeigeuza mgongo makusudi, maana wengi mmezoea kuiona usoni: vitufe, nembo, kitambaa cha spika. Huku nyuma mnaona valvu tisa zimening'inia vichwa chini, kama popo kwenye mwembe. Ukisimama hapa niliposimama mimi, ile ya kulia kabisa ni ya kwanza kupokea sauti ya gitaa, na ile ya kushoto kabisa ndiyo inayonyoosha umeme. Tutaziita kwa namba, kutoka kulia: ya kwanza hadi ya tisa. Shikeni namba hizo, maana tutazirudia.

Nianze na mtu aliyeibuni. Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa mtu wa hesabu za fedha, kisha mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California. Miaka yote ya mwanzo aliinamia vitu vilivyoharibikia mikononi mwa watu wengine. Kiswahili chetu kina neno moja, kutengeneza, kwa kuunda kitu kipya na kwa kukiponya kilichoharibika. Fundi redio yule, alipounda amplifaya zake, alikuwa tayari anamfikiria yule atakayezifungua baadaye. Valvu zinachomoka kwa mkono. Vipande vimepangwa juu ya ubao mmoja, kimoja kando ya kingine, kila kimoja kinafikiwa na ncha ya mita. Njia za sauti ni mbili, zinakutana mahali pamoja tu. Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni hii: kifaa hiki kimepangwa ili kiulizwe maswali, na kinajibu. Anayekimbilia kubadilisha vipuri kabla ya kuuliza anatupa fedha ya mwenye gitaa.

Kwanza tuelewane valvu ni nini. Ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ndani yake ni ombwe. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, London, alitengeneza valvu ya ncha mbili, iliyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ncha ya tatu katikati, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipopata mlango. Kathodi hupashwa moto na uzi wa volti 6.3 mpaka inamwaga elektroni. Anodi, lile bamba la chuma mnaloliona ndani ya kioo, lina volti mia kadhaa na linazivuta elektroni hizo. Katikati yao kuna gridi, nayo ndiye bawabu. Ukiipa gridi umeme hasi, inafunga mlango. Ukiupunguza uhasi huo kidogo, umati unapita. Sumaku za gitaa hutoa kiasi kidogo sana, mara nyingi sehemu ya kumi ya volti moja, lakini zikimgusa bawabu huyo, umati mkubwa nyuma yake unayumba kwa kufuata kila mguso. Valvu ndogo ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, ina kipimo cha ukuzaji cha 100. Ndani ya Deluxe Reverb ziko nne za jamii hiyo, na mbili za 12AT7. Kisha ziko mbili za nguvu, 6V6, zinazosukuma spika, na ya tisa ni GZ34.

Sasa, kabla hamjashika bisibisi.

Ndani ya sanduku hili mna umeme wa zaidi ya volti 400, na haupotei unapochomoa plagi. Kapasita za chujio, zile zilizofunikwa kwa bakuli la bati juu ya chasisi, huweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzima. Nimewahi kupigwa na umeme wa kapasita katika amplifaya iliyokuwa imezimwa tangu jana yake, na mkono wangu ulikaa siku nzima bila nguvu. Tangu hapo nina utaratibu mmoja, na sijauruka. Nachomoa plagi. Nachukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, iliyovalishwa mpira na kufungwa vibano viwili. Kibano kimoja kinashika chasisi, cha pili kinagusa kapasita ya kwanza, nahesabu hadi kumi. Halafu napima kwa mita. Siamini rezista, naamini mita. Mita yenyewe, na nyaya zake, ziwe zimeandikwa kwamba zinaweza kubeba volti 600 au zaidi. Inapobidi kupima amplifaya ikiwa inawaka, mkono wangu wa kushoto unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua. Na sifanyi kazi hiyo nikiwa peke yangu nyumbani.

Jambo la pili la usalama ni la ethi. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1960 zilitoka na waya wa njia mbili tu, na kapasita ndogo iliyounganisha umeme wa ukutani na chasisi ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikipiga shoti, chasisi inakuwa na umeme, nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme, na mwimbaji anaposogeza midomo kwenye maikrofoni yenye ethi, mzunguko unakamilika kupitia mwili wake. Iondoeni. Wekeni waya wa njia tatu, ethi ifungwe kwa skrubu na nati kwenye chasisi yenyewe. Na hapa kwetu kuna mtego mwingine: transfoma nyingi za kushusha umeme zinazouzwa madukani zina tundu la miguu miwili upande wa kutokea. Unaweza kuwa na ethi nzuri ukutani na nzuri kwenye amplifaya, na transfoma iliyo katikati imeikata. Ipimeni kwa mita kutoka mguu mkubwa wa plagi hadi chasisi, isomeke karibu na sifuri.

Nikiwa kwenye transfoma hiyo, nikae hapo kidogo, maana ndiyo chanzo cha vifo vingi vya amplifaya za Marekani zinazofika Afrika Mashariki. Kifaa hiki kilipigiwa hesabu kwa volti 117 na herzi 60. Sisi tuna volti 230 au 240, herzi 50, na wote mnajua kwamba namba hizo ni za karatasi; usiku wa manane, viwanda vikilala, mita ya ukutani husoma 255 bila aibu. Fanyeni hesabu. Transfoma inayogeuza 240 kuwa 120 ikipewa 255 hutoa 127 na nusu. Hiyo ni karibu asilimia 9 juu ya kile kilichokusudiwa. Uzi wa volti 6.3 unafika karibu 6.9, na mwisho wa uvumilivu wake ni asilimia 10. Anodi za 6V6, ambazo mchoro wa kiwanda unazipa volti 415, zinapanda kufika 450 na ushee, na kapasita za chujio zimeandikwa volti 450. Hakuna nafasi iliyobaki. Kwa sababu hiyo napendelea transfoma inayotoa 110 badala ya 120, na mahali ambapo umeme unarukaruka naweka stabilaiza mbele yake. Sauti hupoa kidogo. Kifaa kinaishi.

Kuhusu herzi 50: chuma cha transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya herzi 60 tu hufanya kazi ngumu zaidi kwetu na hupata joto zaidi. Wekeni kiganja juu yake baada ya saa moja ya kupiga. Ikiwa hamwezi kukiacha hapo kwa sekunde tano, punguzeni volti inayoingia au kitafutieni kifaa transfoma iliyofungwa waya kwa umeme wetu. Transfoma ya kushusha iwe ya wati 300 au zaidi, hata kama amplifaya yenyewe haitafuni nusu ya hizo.

Upande wa pili wa valvu kuna spika, na hapo kuna sheria moja ambayo waliozoea amplifaya za transista huikosea. Transista huogopa shoti kwenye waya wa spika. Valvu huogopa kinyume chake: waya wa spika uliokatika. Ukipiga gitaa kwa nguvu na spika haijachomekwa, transfoma ya kutokea haina pa kupeleka nguvu, volti ndani yake zinaruka juu sana, na waya mwembamba wa shaba unaungua ndani kwa ndani. Fender alilijua hilo. Tundu kuu la spika la amplifaya hii limetengenezwa hivi kwamba ukichomoa plagi, tundu linajipiga shoti lenyewe, kwa sababu kwa muda mfupi shoti ni salama kuliko uwazi. Nikiliona tundu lile namwona fundi redio wa Fullerton akimlinda mtu asiyemjua. Spika iwe ya omu 8. Ukiongeza ya pili ya omu 8 kwenye tundu la nje, kifaa kinaona omu 4. Kinavumilia, lakini si makazi yake. Na waya wa gitaa usitumike kuwa waya wa spika hata siku moja: ni mwembamba, hupata joto, na ukikatika ndani ya ngozi yake hutaona kitu.

Mtaniuliza kuhusu kupanga sauti. Nitakuwa mfupi, masikio ni yenu. Bendi zetu za dansi zilijengwa kwa magitaa yanayopishana: solo, solo la pili, rithimu, besi. Kila moja lilihitaji kusimama mahali pake bila kumkanyaga jirani, na kwa hilo sauti safi ndiyo mali. Kwa Deluxe Reverb anzeni na sauti kwenye 3, trebo 5, besi 3. Wengi huanza na besi 7, halafu wakiongeza sauti wanashangaa mbona kifaa kinakoroma. Wati 22 haziwezi kubeba besi nyingi na kelele kwa pamoja. Kuanzia 5 hivi kwenda juu, valvu zinaanza kubana na sauti inakwaruza vizuri, mwenye kuitaka na aitake. Tundu namba 2 la kila njia hupunguza gitaa kwa nusu, linawafaa wenye sumaku kali. Na inueni kifaa, kiegemezeni nyuma kidogo: spika ya inchi 12 iliyo sakafuni inawapigia magoti yenu, masikio hayapati kitu, mwishowe mnaongeza sauti na mpiga ngoma anawalaumu.

Sasa kiini cha mhadhara.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado mwanafunzi wa mzee aliyenifunza kazi hii, bendi iliyokuwa na shughuli ya harusi kesho yake ilituletea amplifaya iliyokuwa ikipasuka kwa kelele, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Mzee hakuwepo. Nikabadilisha valvu ya kwanza, kelele ipo. Ya pili, ipo. Nilibadilisha zote, kwa fedha ya watu, na kelele ilikuwa palepale. Mzee aliporudi hakuniuliza nimebadilisha nini. Alimwomba mpiga gitaa akae apige. Akasikiliza njia ya kwanza: safi. Akahamisha waya kwenye njia ya pili: kelele. Akachukua penseli, akagusa soketi ya valvu ya pili, si valvu, soketi, na kelele ikaitika. Mji tuliokuwa tukifanyia kazi uko ufukweni. Hewa ya chumvi ilikuwa imeotesha kutu ya kijani kwenye vibano vya soketi. Alisafisha, akavikaza vibano kwa sindano, akazirudishia valvu za zamani, na zile mpya akanipa nimrudishie mwenye duka. Dakika ishirini.

Alichofanya mzee ni kukigawa kifaa. Katika Deluxe Reverb njia ya kawaida hupita valvu ya kwanza kisha inakwenda moja kwa moja kwa valvu ya sita, ambayo huigawa sauti mara mbili kwa ajili ya 6V6. Njia ya pili, yenye mwangwi, hupita valvu ya pili, kisha ya nne, ndipo inafika kwa sita. Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, chomeka gitaa kwenye njia zote mbili. Moja ikiwa nzima na nyingine mgonjwa, tayari umeondoa nusu ya kifaa: transfoma, kapasita kuu, valvu za nguvu, spika, vyote vizima. Zote mbili zikiwa mgonjwa, tatizo liko kuanzia sita kwenda mbele, au kwenye umeme wenyewe. Swali moja, bila gharama.

Kisha unachomoa. Weka swichi ya stendibai, shika valvu kwa kitambaa kwa sababu ina moto, chomoa ya sita, ondoa stendibai. Kelele ikiendelea, inatoka kwenye valvu za nguvu au umeme. Ikinyamaza, irudishe, uchomoe ya nne, na hivyo hivyo ukirudi nyuma kuelekea gitaa. Pale kelele inapoacha kunyamaza ukichomoa, umepita mahali pake. Valvu za nguvu zenyewe msizichomoe kifaa kikiwa kinafanya kazi.

Mvumo nao una lugha yake, na hapa wapiga gitaa mna faida kuliko mafundi. Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde. Valvu ya tisa inapounyoosha, kila wimbi hutoa vishindo viwili, hivyo kapasita za chujio zikichoka unasikia mvumo wa herzi 100. Noti hiyo iko karibu kabisa na G, freti ya tatu ya uzi mzito wa gitaa lenu. Mvumo ulio oktavu moja chini, G ya freti ya tatu ya uzi mzito wa besi, ni herzi 50, nao hautoki kwenye kapasita za chujio: unatoka kwenye nyaya za uzi wa valvu, kwenye ethi mbaya, au kwenye waya wa gitaa uliopita karibu na transfoma. Chukueni gitaa, pigeni noti zile mbili, linganisheni na mvumo. Mmekwisha kujua mfungue bakuli la bati au msilifungue.

Kapasita hizo za chujio, katika kifaa hiki ziko tano za maikrofaradi 16. Ndani zina majimaji, na miaka ikipita hukauka, na joto huharakisha. Kama za kiwandani bado zimo, zimefanya kazi zaidi ya miaka 50 na hazina deni tena. Badilisheni zote kwa pamoja, na ile ndogo ya upande wa biasi, yaani umeme hasi anaopewa bawabu, nayo, mkiangalia alama ya chanya na hasi kila moja mara mbili.

Amplifaya iliyolala miaka bila kuwashwa msiichomeke moja kwa moja ukutani. Tengenezeni ubao wenye balbu ya uzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na tundu la plagi, iwe kabla ya transfoma ya kushusha. Iwe ile balbu ya zamani. Ya LED haifanyi kazi hiyo. Mkiwasha, balbu ikiwaka kisha ikafifia, mambo yanaanza vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na badala ya transfoma kuungua, balbu imebeba mzigo wote. Ni ubao wa bei ndogo sana, na umeniokolea transfoma ambazo hazipatikani tena. Kuhusu fyuzi sitasema mengi: inayokatika inasema neno, na anayeizungushia karatasi ya sigara amemziba mgonjwa mdomo.

Valvu za nguvu zikiiva nyekundu, zimeni hapo hapo. Siongelei ule mwanga wa rangi ya chungwa wa uzi katikati. Naongelea bamba la nje la anodi kuwa jekundu kama mkaa. Bawabu ameondoka, umati unapita bila kizuizi. Na msiogope mng'ao wa buluu unaocheza upande wa ndani wa kioo, huo ni wa kawaida. Mng'ao wa waridi au zambarau ulio katikati ya vipande, unaojaa kama moshi, ni gesi, na valvu hiyo imekwisha. Ile rangi ya fedha kichwani mwa kioo ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia.

Wekundu ukiwa kwa valvu moja tu, zimeni, ziacheni zipoe, zibadilisheni mahali. Wekundu ukihama na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ile ile, valvu haina kosa. Toeni zote mbili, wekeni mita kwenye mguu wa tano wa kila soketi ya 6V6: inapaswa kusoma volti hasi, karibu na 35. Ikisoma sifuri, biasi imepotea, na sababu ni kapasita ile ndogo au rezista iliyokatika. Ikisoma hasi upande mmoja na pungufu upande wa pili, kapasita inayotoka kwa valvu ya sita inavuja, inamtilia bawabu umeme chanya. Kapasita ya bei ya chai, ikiachwa, inaua valvu mbili na transfoma.

Biasi yenyewe inapangwa hivi. Kwenye mguu wa nane wa kila 6V6 naweka rezista ya omu 1 kati yake na ethi, ili milivolti moja iwe miliampia moja. Valvu hii imeandikiwa wati 12 za joto kwenye anodi. Simpi bawabu ruhusa ya zote. Naishia asilimia 70, wati 8.4. Nagawanya kwa volti za anodi nilizozipima mwenyewe, si zile za mchoro. Zikiwa 415, jibu ni miliampia 20. Nageuza kitufe kidogo cha biasi, nasubiri dakika kumi kifaa kipate joto, napima tena. Valvu mpya zinahitaji hesabu mpya, na asiye na mita asiguse kitufe hicho.

Valvu ndogo hudumu miaka mingi, wala hazibadilishwi kwa sababu mtu amesikia kwamba zile za Mullard za Blackburn, Uingereza, ni tamu. Gongeni kila moja taratibu kwa penseli. Ikilia kama kengele ndani ya spika, imelegea, ihamisheni kwenye nafasi ya tano, ya kutetemesha sauti, ambako haitasikika sana. Leo viwanda vinavyotengeneza valvu hizi ni vichache: Saratov huko Urusi, Čadca nchini Slovakia, China. Machi 2022 Urusi iliposimamisha usafirishaji kwa muda, bei ziliruka kila mahali, na mimi nililazimika kuchukua tena valvu nilizokuwa nimeziweka kando, nikazipima, na nyingi zilikuwa nzima. Msitupe.

Mwangwi ukikosekana, shikeni sanduku la springi lililo chini, litikiseni kidogo. Mkisikia ngurumo kwenye spika, nusu ya kurudisha ni nzima, na shida iko upande wa kupeleka: valvu ya tatu, waya, au koili ya kuingilia, ambayo kwa mita husoma karibu na omu 1. Ngurumo isiposikika, tazameni valvu ya nne na koili ya kutokea, ambayo husoma karibu omu 200. Na sauti isipotetemeka kabisa, kabla ya yote muulizeni mwenye kifaa: pedali yako ya mguu iko wapi? Katika amplifaya hizi mtetemo hauanzi mpaka pedali ichomekwe. Nimeletewa vifaa vizima kutoka mbali, na pedali imebaki kabatini nyumbani.

Kitufe kinachokwaruza kinasafishwa kwa dawa ya kusafishia migusano ya umeme. Kikisafishwa mara mbili na bado kinakwaruza, acheni kukisafisha: kuna kapasita inayovujisha umeme wa DC ndani yake, na kitufe kinawaambia.

Ndani ya sanduku, kwenye ubavu, kuna karatasi iliyobandikwa kiwandani inayoonyesha kila valvu na mahali pake. Chini yake nimebandika yangu. Asubuhi ya leo nimeandika: ukutani volti 240, uzi 5.9, anodi 391, valvu ya saba milivolti 20, ya nane 21, soketi ya pili imesafishwa. Fundi atakayeifungua baada yangu, hata kama hatujaonana, ataanzia hapo.

Sasa naiwasha. Tunahesabu hadi sitini kabla ya kuitoa stendibai. Wewe kijana wa safu ya pili mwenye gitaa, panda tafadhali, chomeka kwenye njia ya mwangwi, sauti 3, besi 3. Anza na G ya freti ya tatu, uzi mzito, uiache ilie mpaka iishe. Sisi wengine tunyamaze tusikie kuna nini chini yake.